Sindano ya Mbwa na Kura Yangu

Diwani hachanji mbwa. Hilo ndilo jibu nililompa baba aliponiuliza habari ya kura yake, na nililitoa upesi, maana nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la kurudi mjini. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nafundisha sekondari hapa Mpanda, nimepanga vyumba viwili Shanwe, na kila mwaka nawaandikia watoto wa watu ubaoni habari za virusi, wanavyoingia mwilini na wanavyozuiwa. Baba alikuwa mfugaji. Amekufa kwa kichaa cha mbwa. Nalisema wazi mwanzoni ili msomaji asihangaike kulingoja.

Watu huniuliza kama nimelia. Nimelia kidogo, mazishini, kwa sababu ilipasa. Kilichobaki ni ganzi, na ganzi haina mengi ya kusimulia. Kwa hiyo nitaeleza mambo yalivyofuatana, basi.

Wazazi wangu walihama na ng'ombe kutoka Usukumani nikiwa bado nabebwa mgongoni, wakafika upande huu wa Nsimbo na kuweka boma. Kata yetu sitaitaja, kwa sababu diwani ana watoto wanaosoma na wawili kati yao nimewafundisha mimi. Ni nchi ya mahindi, karanga, ng'ombe na fisi. Kwa sababu ya fisi, mfugaji wa kwetu humthamini mbwa kuliko anavyoweza kukiri mbele za watu. Hambembelezi, hamwingizi ndani, chakula chake ni makombo ya ugali. Lakini mwulize ni mbwa yupi aliyebweka siku ndama alipookolewa, atakusimulia mpaka chai ipoe. Baba alikuwa nao watatu. Aliyempenda alikuwa mwekundu, sikio moja limechanika, mkali kiasi kwamba hata mimi mtoto wa nyumba nilikuwa naita kutoka mbali kabla ya kuingia uani.

Uchaguzi ule wagombea udiwani wa maana walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, mtu wa kalamu mfukoni. Kwenye mambo ya kitaalamu hakuwa na kasoro. Chanjo, vyoo, maji ya kuchemsha, yote aliyasema sawasawa, utadhani anasoma kipindi cha afya redioni. Lakini sisi wafugaji alituita wavamizi, akasema mifugo ipungue au irudi ilikotoka. Wa pili alikuwa jirani yetu, mfugaji, elimu yake darasa la saba, na mkokoteni wake ndio uliomfikisha mama yangu zahanati mwaka ule alipokuwa mahututi. Huyu aliahidi lambo, bwawa la kunyweshea mifugo.

Mtu asiyefuga anaweza asielewe lambo lilikuwa nini kwetu. Kiangazi ng'ombe walitembea nusu siku kwenda mtoni, na njiani walipita pembezoni mwa mashamba. Ng'ombe mwenye kiu haoni mpaka. Kila mwaka kulikuwa na ugomvi, na kiangazi kabla ya uchaguzi binamu yangu alikatwa panga la bega kwa ajili ya mistari mitatu ya mahindi. Kuchimba lambo ilikuwa ni kuondoa mapanga njiani. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilijiandikisha kule nyumbani makusudi, si mjini, ili kura yangu iende kwenye lambo.

Mkutano wa kampeni wa jirani yetu ulifanyika uwanja wa shule ya msingi, Jumamosi mchana. Spika zilipiga Bongo Fleva mpaka watu wakajaa. Sisi walimu, mchungaji wa kanisa na mwenye duka la jumla tulipewa viti vya plastiki mbele. Jirani yetu akapanda juu ya pikapu, akazungumzia lambo, na alilizungumzia vizuri, kwa sababu alikuwa anajua kila ng'ombe aliyekufa njiani na mwenyewe nani. Ndipo mtu mmoja kutoka nyuma akauliza: tunasikia watu wa mifugo watakuja kuchoma mbwa sindano, yeye anasemaje?

"Mimi si daktari," alisema, "lakini nina macho. Mbwa wangu nilimpeleka mwenyewe akachomwa. Siku mbili kalala. Fisi kaingia zizini, kachukua ndama, mbwa anamtazama tu kama mgeni aliyekuja kusalimia. Nyie wafugaji wenzangu, ile sindano inaua ukali. Nikiwa diwani wenu, simlazimishi mtu."

Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Lilikuwa jambo la kuchekesha, mbwa kumwangalia fisi kama mgeni. Tena alikuwa hasemi uongo. Mbwa akichanjwa anaweza kuzubaa siku moja au mbili, kisha anarudi kuwa mbwa. Alichokiona yule bwana kilikuwa kweli. Alichokitoa humo ndicho hakikuwa kweli. Ningeweza kulieleza kwa dakika tatu, kwa Kiswahili chepesi, na hata kwa Kisukuma. Ndiyo kazi ninayolipwa mshahara. Nilibaki kwenye kiti changu cha plastiki.

Kesho yake Jumapili, baada ya chakula cha mchana, baba alikuwa uani anasokota kamba ya kufungia ndama. Aliniita "mayu", yaani mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

"Mayu, wewe umesoma. Jamaa anasema sindano inaharibu mbwa. Ni mtu wa kupewa kura huyo?"

"Baba, hayo ni maneno ya kampeni tu," nikamwambia. "Diwani hachanji mbwa. Wewe angalia lambo."

"Kwa hiyo haina neno."

"Haina neno."

Nimeyapitia maneno hayo mara nyingi, bila hasira, jinsi ninavyopitia mtihani wa mwanafunzi. Baba aliuliza mambo mawili kwa pumzi moja, kuhusu sindano na kuhusu kura. Mimi nilijibu la kura tu. La sindano nililiacha makusudi. Baba alikuwa mtu wa kusikilizwa na wenzake. Ningemwambia jamaa amekosea, angekwenda kuwaambia jamaa amekosea, na kura kadhaa zingehama, na lambo lingehama nazo. Nilijifanyia hesabu hiyo kichwani huku nimeshika mkoba. Baba aliondoka na jibu moja akaligawa kwenye maswali yote mawili.

Jirani yetu alishinda. Sitaki mtu aseme hakutimiza, maana mwaka wa pili lambo lilichimbwa, mvua zikalijaza, na ugomvi wa mashamba ukapungua mpaka tukausahau. Baba alikuwa ananipigia simu kunipa habari za lambo kama watu wengine wanavyotoa habari za mjukuu. Leo limejaa hadi kwenye mti fulani. Leo bata maji wametua.

Mwaka uliofuata afisa mifugo akaja na lile boksi la baridi la chanjo. Hakuna aliyemkataza. Watu wanafikiri kiongozi akiwa na imani yake isiyo sahihi atasimama aipigie kelele au aitungie amri. Wetu hakufanya hivyo. Kwenye mkutano wa kijiji alisoma matangazo yote, ya madawati, ya vyoo, ya mnada, na tangazo la mbwa alilisoma la mwisho, haraka, huku anakunja karatasi. Watu wakamwangalia usoni, wakaelewa. Asubuhi ya chanjo mbwa wote walitolewa pamoja na ng'ombe kabla jua halijapanda, wakapelekwa malisho ya mbali. Afisa mifugo aliingia kijiji cha wafugaji akakuta hakuna mbwa hata wa kumbwekea. Alikaa chini ya paa la ofisi ya kijiji mpaka saa tisa, akarudi mjini na boksi lake.

Baba alinisimulia haya kwenye simu huku anacheka. Mbwa wa diwani, alisema, walitangulia mbele kabisa. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikasema, "Baba, jamani," nikaendelea kuweka vema na mikasi. Kama kuna siku ya kuchukua pikipiki kwenda nyumbani kumwelewesha mzee, ilikuwa siku ile. Ilikuwa Alhamisi, na Ijumaa nilikuwa na zamu.

Miezi ikapita. Yule mbwa mwekundu akaacha kula. Taya likalegea, udenda ukamtoka, akawa anakohoa kama aliyepaliwa. Kwetu mbwa akiwa hivyo, kila mtu anajua la kufanya: mfupa umemkwama. Unamkaba shingo kwa magoti, unaingiza mkono kooni, unautoa mfupa. Baba alikuwa amewatoa mbwa mifupa maisha yake yote. Akaingiza mkono, akapapasa, hakukuta mfupa. Jino likamkwaruza kidole gumba. Mbwa akafa siku mbili baadaye, wakamtupa porini, na baba akapaka kidole ugoro, kwa kuwa ugoro hukausha damu. Alinipigia simu wiki hiyo. Aliniambia mbwa mwekundu amekufa kwa mfupa, na kwamba karanga zimekubali. Kidole hakukitaja, kwani kilikuwa kimeshapona.

Baada ya kama mwezi na nusu, mdogo wangu wa kiume alimleta Shanwe kwa gari la kukodi. Baba alikuwa anasema mkono umekufa ganzi, mwili unachoma, usingizi hapati. Nilimkalisha kwenye kochi. Nikampa maji kwenye kikombe cha bati. Alikinyanyua mwenyewe, na kikombe kilipokaribia mdomo shingo ikakaza, macho yakatoka, akakirusha ukutani. Kisha akaniomba radhi, maana alikuwa mtu wa adabu.

Nikajua pale pale. Sikuhitaji kufungua kitabu. Nikakaa sakafuni mbele yake, nikamwuliza kama ameumwa na mbwa.

"Hapana," akasema. "Mfupa ulimkwama tu."

Hospitali walifanya waliloweza, na waliloweza lilikuwa ni kumpunguzia maumivu. Daktari, kijana mpole, aliniita pembeni akaanza kunieleza ugonjwa. Nilimwacha aeleze mpaka mwisho. Alieleza vizuri, hakuruka kitu. Alisema angeletwa siku ile ile alipokwaruzwa, kidonda kikaoshwa kwa sabuni, akachomwa sindano, tungekuwa na mazungumzo mengine. Nikamwambia najua, nafundisha. Akaniangalia, akaangalia faili lake. Baba alikufa siku ya tatu, asubuhi, wakati wahudumu wanabadilishana zamu.

Wapo wanaopenda kuliunganisha lambo na koo la baba, kwamba alipigia kura maji akafa anaogopa maji. Mchungaji aliligusa kwenye mahubiri ya mazishi, na watu wakaguna. Mimi nilikasirika kidogo, na ndiyo hasira pekee ninayoikumbuka siku ile. Yalikuwa maji ya kikombe. Ugonjwa huo hufunga koo la kila mtu, awe na lambo au asiwe nalo. Wengine walisema majuto ni mjukuu, wakasogea kwenye foleni ya wali.

Diwani ndiye aliyefika wa kwanza msibani. Alitoa dume kutoka zizi lake, akashika jembe na vijana makaburini mpaka shati likalowa. Siku ya kuanua matanga akaniomba tusogee pembeni, karibu na zizi.

"Mwalimu, ni kweli ni mbwa?"

"Ni mbwa."

"Na ile sindano ingemzuia?"

"Mbwa asingeugua. Na baba asingekufa."

Akaparua tope kwenye mti wa zizi kwa ukucha. Kisha akasema bila kuniangalia, "Siku ile mkutanoni ulikaa mbele. Wakati nasema habari ya sindano nilikuwa nakutazama wewe, maana nilijua kati yetu sote wewe ndo unajua. Ukacheka. Nikajua niko sawa."

Akanigeukia.

"Mbona hukuniambia, mwalimu? Hata baadaye. Nyumbani kwangu si mbali."

Nikamwambia chai inapoa, twende. Tukaenda, tukanywa chai.

Nilirudi kazini. Mada ile ikafika kama inavyofika kila mwaka. Nikaandika ubaoni: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda mrefu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Nikaongeza habari ya mfupa, ambayo haimo kitabuni. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mwanafunzi mmoja kutoka Kibaoni akasema kwao nako hutoa mifupa hivyo hivyo. Nikamwambia aandike.

Chanjo iliyofuata nilikuwa nyumbani, likizo. Siku moja kabla, diwani alisimama mkutanoni, hakuwa na karatasi. "Kesho mbwa wote waje," alisema. "Wangu nitawaleta mwenyewe. Mimi niliongea nisichokijua, na mzee wetu amekufa." Akaketi. Halikuchukua hata dakika moja. Asubuhi walikuja kwa kamba za ng'ombe, kwa minyororo ya baiskeli, wengine wamebebwa kwenye magunia vichwa vikiwa nje. Waligombana, walikojoleana, vumbi likapanda. Dozi za chanjo ziliisha mapema na afisa mifugo ikabidi arudi siku ya pili. Nilisimama kando nikawatazama mbwa wale. Nimefundisha miaka kumi na miwili, na sijawahi kuwatoa mbwa hata watano nyumbani kwao. Yule bwana sentensi yake moja iliwaficha, na nyingine ikawatoa.

Kwenye kijiwe cha kahawa jirani na ninapoishi, kila msimu wa kampeni wazee hubishana. Mmoja husema mgombea asiyekubali utaalamu asipewe hata ukatibu wa harusi. Mwingine humjibu kwamba kiongozi si daktari, apimwe kwa barabara na maji. Huwa napita na mkaa wangu, sichangii. Hoja ya huyu wa pili ilikuwa yangu, na si hoja ya mjinga. Hata leo nikirudishwa kwenye kura ile ile, sijui kama ningempa aliyetuita wavamizi kwa sababu tu anaijua chanjo. Ninachojua ni kwamba nilichanganya mambo. Kumpa mtu kura ni jambo moja, na kumwacha na kosa lake ni jambo lingine. Mimi niliyafanya yote mawili kwa mkupuo na kuyaita busara.

Uchaguzi wa juzi aligombea tena. Nilikwenda nyumbani nikampa kura yangu. Sioni fahari wala aibu. Huyu akiambiwa husikia, hilo nimeliona kwa macho yangu, na kwa wengine sijaliona.

Tulipotoka kituoni, mama alikaa barazani akaanza kuchambua maharage. Akaniuliza nimempa nani, nikamwambia.

"Hata baba yako angempa," akasema.

"Angempa," nikasema. "Ila angeniuliza mimi kwanza."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. Tangu msiba sikuwa nimemwambia mtu yeyote nilichomjibu baba siku ile, si mdogo wangu, si diwani. Nilikuwa nimekihifadhi peke yangu.

"Alipokuuliza nilikuwa jikoni," mama akasema. "Mlango ulikuwa wazi."

Nikangoja aendelee. Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa uani, akaniomba nimsogezee sufuria.